Saini Isiyovuka Mpaka

Mwaka 1904 kijana wa Kiswisi, Othmar Ammann, alifika New York akiwa na shahada ya uhandisi kutoka Zurich. Hakuna bodi iliyomdai transkripti wala iliyompangia mtihani, maana bodi zenyewe hazikuwepo. Alitafuta kazi, akaipata, akapanda hadi akasanifu daraja la George Washington, lililofunguliwa mwaka 1931 likiwa na mita 1,067 kati ya mnara na mnara, karibu mara mbili ya daraja lolote la kuning'inia lililokuwepo kabla yake. Mhandisi anayetoka Dar es Salaam au Kisumu leo, akatua Toronto na begi la vyeti kisha akaambiwa asubiri, ana haki ya kumwonea Ammann wivu.

Lakini mlango aliopitia Ammann haukufungwa kwa ubaguzi peke yake. Ulianza kufungwa mwaka 1907, na sababu zake zinaeleweka. Huko Wyoming, jimbo kame la Marekani ambako maji ya kumwagilia ndiyo uhai wa mkulima, mhandisi mkuu wa jimbo, Clarence Johnston, aligundua kuwa ramani zilizoambatanishwa na maombi ya haki za maji zilisainiwa na mawakili na watu wengine wasio na ujuzi huo, kila mmoja akijiita mhandisi. Jimbo likapitisha sheria ya kwanza nchini humo ya kusajili wahandisi.

Mwaka huohuo, tarehe 29 Agosti, daraja la Quebec lilianguka likiwa bado linajengwa. Kati ya wafanyakazi 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa. Vyuma vya chini vilikuwa vimeanza kupinda wiki kadhaa kabla, watu wakaviona, wakavipima, wakaandikiana barua. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa New York, mgonjwa, akisimamia kazi kwa posta. Siku yenyewe ya ajali mhandisi kijana alikuwa amesafiri kutoka saitini kwenda kumweleza ana kwa ana. Cooper akapiga simu ya maandishi kuagiza uzito usiongezwe darajani, ila aliipeleka kwenye ofisi za kampuni ya chuma kule Pennsylvania, na agizo halikufika mtoni. Jioni daraja likashuka lote kwa sekunde chache. Tume iliyochunguza ilisema, pamoja na mengine, kwamba pale saitini hapakuwa na mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kutosha kukabili tatizo lile. Ammann, mgeni wa miaka mitatu, alikuwa miongoni mwa walioandika ripoti za uchambuzi wa ajali hiyo.

Nimekaa kidogo kwenye daraja hilo kwa sababu bila hilo, au mengine ya aina yake, mjadala wote wa kutambuliwa kwa wahandisi ughaibuni unageuka malalamiko ya vyeti. Majimbo mengi ya Kanada yalipitisha sheria za uhandisi kuanzia mwaka 1920, na Ontario ilifuata mwaka 1922. Yalichotafuta si mtu anayejua hesabu, kwa kuwa Cooper alizijua kuliko wengi wa zama zake. Yalitaka mtu mwenye jina, anayepatikana, anayeweza kusema "simamisheni kazi" na kazi ikasimama, na ambaye mambo yakiharibika atanyang'anywa mhuri. Leseni ya uhandisi ni dhamana. Elimu unaweza kuibeba kichwani ukapita nayo uwanja wa ndege wowote. Dhamana hutolewa na watu wanaokufahamu, na watu hao umewaacha nyumbani.

Ndiyo maana hata jina la kazi lina uzito tofauti kila unapokwenda. Kwetu mtu akimaliza chuo tu mtaa mzima unamwita Injinia, hata kadi ya mchango wa harusi inaandikwa "Eng." mbele ya jina lake. Uingereza nako wako huru kupita kiasi: neno lenyewe halilindwi na sheria, hivyo anayekuja kurekebisha mashine ya kufulia hujitambulisha kuwa mhandisi na hakuna anayemshtaki. Kinacholindwa huko ni cheo cha "Chartered Engineer", kinachotolewa kupitia vyama vya fani chini ya Baraza la Uhandisi. Ukivuka bahari kwenda Ontario, kujiita mhandisi bila leseni ni kosa linaloweza kukupeleka mahakamani. Ujerumani pia jina hilo limewekewa sheria, jimbo kwa jimbo. Injinia wetu wa kadi ya harusi akiandika hivyohivyo kwenye kadi yake ya biashara kule Toronto, huenda barua ya kwanza rasmi atakayopokea nchini ikawa ya onyo.

Wako wasioguswa na haya, nao ni wengi. Anayeandika programu za kompyuta hahitaji mhuri wa mtu, na ndiyo maana vijana wa fani hiyo huhama kwa wepesi unaowashangaza wenzao wa madaraja na umeme. Nchini Marekani, majimbo mengi humsamehe leseni hata mhandisi wa kiwandani anayebuni bidhaa za mwajiri wake. Leseni inang'ata pale kazi inapogusa umma moja kwa moja: majengo, barabara, maji, umeme. Kwa bahati mbaya hizo ndizo kazi ambazo vyuo vyetu vimefundisha vizuri na kwa muda mrefu, tangu Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1956 na kitivo cha uhandisi kilipoanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973.

Nchi tajiri zilitatua shida hii baina yao mapema. Mwaka 1989 taasisi za nchi sita, yaani Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand, zilitia saini Makubaliano ya Washington. Kila taasisi ilikubali kuwa programu za uhandisi zilizoidhinishwa na mwenzake ni sawa na zake. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999, ya kwanza kutoka bara letu. India ilingoja hadi 2014, China 2016. Mafundi sanifu nao walipata makubaliano yao ya Dublin mwaka 2002.

Watu huyasikia makubaliano haya wakadhani ni viza ya taaluma. Yanachosema ni kidogo kuliko hapo. Yanahusu shahada ya kwanza, tena ya programu iliyoidhinishwa, tena kwa waliohitimu baada ya kuidhinishwa. Hayatoi leseni, yanakuondolea swali la elimu, maswali ya uzoefu, sheria na maadili yakabaki palepale. Aliyesoma Dar es Salaam au Makerere, nje ya mfumo huo, hakatazwi. Anapimwa peke yake, somo kwa somo, na mara nyingi anapangiwa mitihani ya kuthibitisha yale aliyofaulu miaka kumi na tano iliyopita. Hebu mwambie mhandisi wa miaka 40 mwenye watoto watatu, anayefanya kazi ya zamu ghalani ili alipe kodi ya nyumba, akae tena na hesabu za mtiririko wa maji kama mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mtihani wenyewe haumtishi. Kinachokosekana ni saa za kusoma.

Nisiwalaumu wageni kupita kiasi, maana sisi kwa sisi tulichelewa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za elimu na taaluma. Mwezi Desemba 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zikatia saini makubaliano yao, na Rwanda ikajiunga baadaye. Kwa karatasi, mhandisi aliyesajiliwa Kampala anaweza kuomba usajili Dodoma bila kuanza moja. Kwa vitendo anagundua kuwa bodi ni ofisi moja tu kati ya tatu. Bodi ikimkubali, bado Kazi na Uhamiaji wana maswali yao, na wao hawakuwemo kwenye makubaliano ya wahandisi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia, na mhandisi Mganda anaingia humo kama wengine. Waturuki walioijenga reli ya kisasa na Wamisri waliojenga bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji nao sheria yetu iliwataka wasajiliwe kwa muda na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kugusa kazi. Anayenung'unika kwamba Kanada inamsumbua akumbuke kuwa sisi nasi tuna dirisha letu na foleni yake.

Tena kuna wanaokataliwa wakiwa nyumbani. Nchini Kenya zaidi ya wahitimu mia moja wa uhandisi walijikuta wanamiliki shahada ambazo bodi ya usajili haikuzikubali, kwa sababu bodi na vyuo havikuelewana kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi. Kesi yao iliishia Mahakama ya Upeo mwaka 2018, miaka mingi baada ya majoho kurudishwa. Ukiwaza jinsi mkaguzi wa Calgary anavyoweza kuielewa shahada ambayo Nairobi yenyewe ilikuwa inaigombania, utaona kuwa kazi ya kutambuliwa ng'ambo huanzia kwenye kikao cha seneti ya chuo hapa nyumbani.

Ghuba ni habari nyingine, na wasomaji wengi wa sura hii watapitia huko kabla ya kwingine. Huko usajili umefungwa pamoja na ukaazi. Saudi Arabia ina Baraza la Wahandisi, na bila idhini yake huwezi kuandikwa mhandisi kwenye iqama, yaani kibali cha ukaazi. Hatari ya mpango wa namna hiyo ilionekana Kuwait mwaka 2018. Serikali iliamua kuwa wahandisi wa kigeni wasiongezewe vibali bila idhini ya Jumuiya ya Wahandisi ya nchi hiyo, na kwa Wahindi kigezo kikawa programu iliyoidhinishwa na bodi ya taifa ya ithibati ya India. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1994. Watu waliohitimu miaka ya themanini, waliojenga nusu ya maisha yao Kuwait, wakaambiwa shahada zao hazina ithibati ya chombo ambacho hakikuwepo walipokuwa wanasoma. Hata wahitimu wa vyuo vyenye jina kubwa walikwama. Wengine walikubali kuandikwa kazi nyingine kwenye kibali ili wasifukuzwe, huku wakiendelea kusimamia zege lilelile. Funzo lake kwa mtu wa Tanga au Mombasa ni chungu: Ghuba inaweza kukupa mshahara mzuri kwa miaka ishirini bila kukupa chochote cha kuonyesha kwingine, kama katika miaka hiyo hukuwa unajisajili mahali fulani panapotambulika.

Nirudi Kanada, kwa kuwa huko ndiko mabadiliko ya karibuni yanakoonekana wazi. Kwa miaka mingi Ontario ilitaka miezi 48 ya uzoefu, na kati yake 12 iwe ya Kanada, chini ya mhandisi mwenye leseni ya Kanada. Waajiri nao walitaka mtu mwenye leseni, au angalau mwenye uzoefu wa Kanada, ndipo wamwajiri. Ikawa kuku na yai. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka kuwa sharti la namna hiyo ni ubaguzi kwa mtazamo wa kwanza, isipokuwa anayeliweka athibitishe kuwa hakuna njia nyingine. Kule Alberta mhandisi mzaliwa wa Chekoslovakia, Ladislav Mihaly, alishinda kwenye baraza la haki za binadamu mwaka 2014 dhidi ya chama kilichompangia mitihani, kisha mwaka 2016 mahakama ikaubatilisha ushindi huo. Sheria ya Ontario ya 2021 ndiyo iliyokata mzizi, na Mei 2023 chama cha wahandisi cha jimbo hilo kikaliondoa sharti la miezi 12.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Sharti lile lilikuwa baya. Lakini mahali pake pamewekwa kitu ambacho wengi wetu kinatushinda kwa sababu tusiyoitarajia, nacho ni fomu.

Tathmini ya umahiri, kama inavyotumika sasa katika majimbo kadhaa, ina vipengele 34 katika makundi saba. Kwa kila kipengele mwombaji anaandika hali ilivyokuwa, alichofanya yeye, na matokeo. Kisha anajipa alama, na mtu aliyemfahamu kazini anathibitisha. Mhandisi wa barabara aliyefanya kazi Singida anaandika hivi: "Timu yetu ilifanikiwa kukamilisha ujenzi wa makalavati kwa wakati na kwa ubora unaotakiwa." Sentensi safi, ya ripoti ya robo mwaka, na anapata alama ya chini kabisa. Msahihishaji hajui nani alifanya nini. Angeandika kuwa mvua ya Machi ilipita juu ya kalavati la milimita 900. Kwamba alikokotoa upya eneo linalokusanya maji akakuta mchoro ulitumia ramani ya kabla pori halijafyekwa kuwa mashamba. Kwamba alipendekeza kalavati la boksi la matundu mawili, mhandisi mkazi akakataa kwa sababu ya gharama, yeye akamwekea mezani hesabu ya tuta litakalobomoka, na mchoro ukabadilishwa. Hapo angekuwa amejibu. Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu ndani yake aliyeamua, na ambaye angelaumiwa kama angekosea.

Sisi hatukulelewa kuandika hivyo. Kijana akisema "nilimwonyesha bosi kuwa mchoro una kosa" anaonekana ana majivuno. Kazi ni "tulifanya", sifa ni za mkuu wa idara, na mdogo hujifunza mapema kujificha ndani ya wingi. Adabu hiyo ni nzuri mezani na kikaoni. Kwenye fomu ya leseni inakufuta.

Halafu wathibitishaji. Mfumo huwatumia barua pepe yenye kiungo, na wiki zinapita kimya. Mwombaji anapiga simu usiku wa manane wa Toronto ili ampate mzee, msimamizi wake wa zamani, asubuhi kabla hajaingia kikaoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia! Za huko kwenye baridi?"

"Nzuri, mzee. Ile barua pepe niliyokuambia, ulibahatika kuiona?"

"Kuna kitu kilikuja, Kiingereza kirefu, kinataka nibofye na niweke namba yangu ya usajili. Nikajua matapeli. Nikafuta."

Mzee hana kosa. Amekuwa mhandisi kwa miaka thelathini na hajawahi kuombwa asome kurasa kumi na tano za kijana wake wa zamani na kumpa alama kutoka sifuri hadi tano. Akikubali, atampa tano kila mahali, kwa upendo, na tano zote huamsha shaka kwa msahihishaji. Kwa hiyo mwombaji ana kazi ya kumfundisha mkubwa wake bila kumvunjia heshima: kumtumia maandishi mapema, kumkumbusha mradi, kumweleza kuwa tatu yenye maelezo inamsaidia kuliko tano kavu.

Tanzania tuna chombo kinachofanana na tathmini hiyo, wala hatukithamini. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili inaendesha mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, miaka mitatu chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na ripoti za kazi zinazosainiwa. Wengi huzijaza kama adhabu, mwezi mmoja kabla ya usaili, wakinakili za rafiki. Binafsi naona ripoti hizo ndizo mali yenye thamani kuliko shahada yenyewe kwa anayewaza kuondoka. Zina tarehe, mradi, kazi uliyopewa na jina la aliyekusimamia, na zimesainiwa wakati mambo yakiwa bado mabichi.

Kwa aliye saitini sasa hivi na ana mpango wa kuondoka, hati ya kukamilika kwa mradi haitamsaidia, kwa sababu ina jina la mkandarasi na la mteja, lake halimo. Aombe barua inayomtaja yeye, kazi aliyoiamua na muda wake, kabla mradi haujafungwa. Mhandisi mkazi akiwa ni Mturuki, Mchina au Mjerumani wa kampuni ya ushauri, amwombe barua pepe yake binafsi, maana ile ya mradi huzimwa mara vifaa vinapoondoka saitini. Na namba ya usajili ya kila msimamizi iandikwe mahali, pamoja na jina la bodi yake, kwa kuwa kisanduku hicho kwenye fomu hakipitiki kikiwa kitupu.